Bambuti Tuliowafundisha Phonie

Ninyi vijana wa atelier, karakana yetu ya redio, mmeniomba niandike kabla sijasahau. Sisahau kitu. Ni macho tu yanaanza kuchoka, njo maana naandika sasa. Shule yangu iliishia darasa la tatu, mama alipozaa mapacha na mimi nikabaki nyumbani kuwabeba. Kiswahili cha kuandika nilikiokota kanisani, kile kingine ni cha marché, soko la mji wetu wa Butembo. Vikichanganyika, mvumilie. Sitaandika nani alipanda cheo wala nani alilipwa nini. Mambo hayo hayajawahi kujaza bateri.

Kwanza nieleze phonie, maana wengine wenu mmezaliwa mkakuta simu mfukoni. Phonie ilikuwa sanduku la chuma, kubwa kama kitabu cha misa, limefungwa kwenye bateri ya gari, na waya mrefu wa antena unapanda juu ya bati. Unabonyeza kifungo cha mikro ili useme, unakiachia ili usikie. Wawili wakibonyeza pamoja, wote wanasikia kelele tu. Na halikuwa na siri. Ulichosema na mtu wa Kirumba, mtu wa Kayna na mtu wa Beni walikisikia pia, na jioni ulikikuta sokoni kimeongezwa chumvi.

Nilianza wakati wa vita ya pili ya Kongo. Nilikuwa mjane, nakaanga beignets, maandazi yetu, mbele ya chumba cha phonie cha Papa Amisi, Mwislamu wa Beni aliyekuwa fundi wa umeme wa makamiyo, malori ya mizigo, kabla barabara haijamchosha. Mtu wake wa mikro alikimbilia Uganda. Asubuhi ile watu walijaa mlangoni, kila mmoja anatafuta ndugu, na Papa Amisi alikuwa peke yake na mikono yake miwili. Akatoa kichwa dirishani.

"Mama Kavira! Acha mafuta hayo, kuja ukamate mikro."

"Mimi? Sijui Kifaransa."

"Nani amekuomba Kifaransa? Sauti yako inasikilikaka hata kule kwenye kichinjio. Kuja."

Nikaja na aproni. Mtu wa kwanza alikuwa mwanamke anayemtafuta mumewe aliyeshuka Kayna kununua maharage. Nilipiga kelele kwenye mikro mpaka Papa Amisi akaziba masikio. Akaniambia neno nililowafundisha ninyi wote: "Usisukume sauti. Phonie haina masikio mabaya. Kwanza sikiliza kama kuna mutu anasema. Kiisha, sema polepole, achia, ungoja." Mume alipatikana. Alikuwa mzima, na alikasirika kwamba mkewe ametangaza jina lake mbele ya nchi nzima.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuwa na tabia zake. Chuma cha kuchomelea tulikipasha kwenye mbabula, jiko la makaa, maana umeme haukuwepo. Ukikipasha kidogo hakiyeyushi risasi ya kuungia waya, ukikipasha sana kinaunguza kipande unachotaka kuponya. Pano ya jua, ile ya kujaza bateri, tuliipangusa kila asubuhi kwa kitambaa chenye maji, vumbi la Butembo mnalijua. Bateri tuliionja kwa kipimo, hapana kwa ulimi kama wale wa garage. Na kwa vile wenye bunduki wa kila upande waliona phonie ni jicho la adui, kulikuwa na gunia la maharage ambalo halikuliwa kamwe. Tukisikia buti, sanduku liliingia humo, nami nilirudi kwenye beignets.

Katikati ya vita ileile abbé, padri wa paroisse yetu, alituletea wanafunzi. Kamati ya kanisa ilikuwa imefungua atelier nyuma ya chumba chetu, kufundisha vijana redio, pano na bateri, na Papa Amisi njo alikuwa mwalimu. Vijana wa mjini walijaa. Abbé akasema hapana, nafasi mbili ziende kwa Bambuti, wawindaji wenye msitu wa mbele ya Beni. Huko hakukuwa na shule wala dispensaire ya kupata dawa, na vita ilipita juu yao bila mtu kuwauliza. Walikuja dada na kaka. Dada aliitwa Atosa, mfupi, shingo imenyooka, macho hayakimbii. Kaka aliitwa Musafiri, mtu wa kucheka. Walifika na kamba mpya za antena mikononi. Walikuwa wamezisokota njiani, baada ya kumwuliza abbé phonie inafungwa na nini.

Majirani walikuja kuangalia kama kuna sarakasi. Mmoja, muuza kasiksi, ile pombe ya ndizi, akasema kwa sauti: "Bambuti na masini? Waya hizo bataziuza juu ya chumvi, mutaona."

Nikamjibu: "Weye njo uliuza bati ya kanisa juu ya pombe. Hawa bangali hawajauza kitu." Hakurudi.

Sasa niwaambie walivyojifunza, maana ninyi mnadhani mtu hujifunza kwa kukaa kwenye banki ya darasa. Atosa alikuwa na masikio ambayo sijakutana nayo tena. Msituni jicho halifiki mbali, majani yanaliziba, kwa hiyo wanaishi kwa kusikia. Siku moja mtu wa Kirumba alipokuwa anasema, Atosa alisema: "Bateri yake inakufa." Kweli, baada ya muda kidogo sauti ya Kirumba ilianza kulegea, halafu kimya. Papa Amisi alihitaji kipimo kujua jambo lile. Alifurahi, hakuona wivu. Alikuwa anamwita toka nje: "Atosa, kuja usikilize hii, unaniambia inaumwa wapi."

Kitu kimoja tu kiliwashinda, nacho kilikuwa kile cha kwanza kabisa. Tuliweka sanduku moja uani na lingine chumbani, Atosa huku, Musafiri kule. Tukawaambia: sema, halafu "à vous", yaani zamu yako, halafu ungoja. Hawakungoja. Walibonyeza pamoja, wakasema pamoja, wakacheka pamoja. Papa Amisi alipiga makofi: "Mumoja! Mumoja!" Siku baada ya siku. Vijana wa mjini wakaanza kuwaigiza.

Ijumaa moja nilikuwa natwanga sombe, majani ya mhogo, na Atosa, Musafiri anachanja kuni, nao wakaanza kuimba. Haukuwa wimbo kama wetu wa kwaya, mmoja anaongoza na wengine wanaitika. Dada anatupa kipande kidogo cha sauti, kaka anatupa chake palepale dada alipoacha tundu, mchi wangu unaingia katikati, hakuna anayemngoja mwenzake na hakuna anayemkanyaga. Papa Amisi alikuwa anatoka kwenye sala, mikono ya kanzu imekunjwa. Akasimama mlangoni.

"Mama Kavira, unasikia? Hawa hawahitaji kufundishwa kuachiana nafasi. Sisi njo tuliwaeleza vibaya."

Kesho yake hakusema tena "à vous" wala "ungoja". Alisema: "Kifungo ni tundu ndani ya wimbo. Ukikiachia, umemwachia mwenzako tundu." Basi. Toka siku ile hawakugongana tena hata mara moja. Wafanyabiashara wa kahawa wa Butembo waligongana kwenye phonie mpaka simu zilipokuja kuwaokoa.

Msimu wa asali ulipofika waliondoka, wote wawili, bila kuomba ruhusa. Kamati ikanuna. Mimi nikasema: nani kati yenu anaachaka kuvuna? Walirudi na asali ndani ya majani mapana ya mangungu, wakagawa kwa kila mtu, hata kwa wale waliowaigiza. Ndani ya juma lile walikuwa wameshika yote yaliyowapita. Mimi si mtu wa kusifu. Watoto wangu watawaambia. Lakini wale wawili niliwasifu mbele yao, na sijutii.

Walipomaliza, paroisse iliwapa phonie moja, pano na bateri, wapeleke kambini kwao. Huo ndio ulikuwa mpango toka mwanzo: Bambuti wapate habari za barabara na za vita kwa mdomo wao wenyewe, waweze kuita msaada mgonjwa akilala, na Atosa awafundishe vijana wengine kulekule chini ya miti yao. Kamati ikasema wazi: phonie ikikaa kambini na kufanya kazi, Bambuti wengine watapokelewa. Isipokaa, nafasi zile zitarudi kwa vijana wa mjini. Atosa alikuwepo kikaoni. Alisikia kila neno.

Hapo njo shida ilipoanza, na lazima muelewe desturi ya kule. Kwenye vijiji vya ukingo wa msitu kila ukoo wa Bambuti ulikuwa na mwenyeji wake kijijini. Mwenyeji anawapa chumvi, chuma, ndizi. Wao wanampa nyama ya mboloko, swala mdogo wa msituni, asali na mikono wakati wa kulima. Yeye huwaita "Bambuti bangu", kama mtu anavyosema mbuzi wangu. Kitu chochote kinachotoka mjini kwenda kwao kinapita kwanza kwa mwenyeji. Mwenyeji wa kina Atosa aliitwa Paluku, mtu mkubwa mwenye tumbo na nyumba ya bati. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka wa njaa aliwalisha, walisema wenyewe. Lakini phonie ilipofika, aliipokea kama anavyopokea gunia la chumvi, akaiingiza sebuleni, akafunga mlango.

Sisi Butembo tulingojea sauti ya Atosa. Ikaja ya Paluku.

"Allô, allô! Hapa ni Paluku! Nani iko na bei ya papai Beni?"

Papa Amisi akanitazama. "Atosa iko wapi?" akauliza kwenye mikro.

"Bambuti bangu bako shambani. Bakimaliza kulima, nitabaachia basikie kidogo."

Alisahau, au hakujua, kwamba phonie haina mlango kama sebule yake. Kutoka Kayna mpaka Beni kila mtu alisikia. Mtu wa Kirumba akaingia hapohapo: "Papa Paluku, na siye tukuje tulime ndipo utuachie tuseme?" Frekansi nzima ikacheka. Paluku akazima.

Baadaye hata sauti yake ilipotea. Musafiri alikuja Butembo, sehemu kwa miguu, sehemu juu ya kamiyo ya mbao, akatueleza. Paluku alikuwa anauza pombe sebuleni na anapiga muziki kwa bateri ile, mpaka ikafa kabisa. Akamwita Atosa aje aiponye. Atosa hakuja. Hakugombana naye pia. Bambuti walivunja kambi yao, wakaingia ndani zaidi ya msitu, kama wanavyofanya mtu akiwachosha. Kijiji kilikosa nyama na shamba la Paluku likaota majani.

"Atosa anasema nini?" nikamuuliza Musafiri.

"Anasema phonie iko na nyumba yake, na ile haiko nyumba yake. Ile tu."

Kamati ikakutana. Wengine walikuwa tayari kufunga jambo. "Tulisema," wakasema, wale ambao hawakusema kitu. Abbé akaomba nafasi ya mwisho: bateri mpya itanunuliwa, mtu aipeleke, na kama phonie haitafika kambini safari hii, atelier haitapokea tena Mumbuti. Papa Amisi alikuwa mgonjwa wa mgongo. Akaniambia: "Mama Kavira, weye njo utaenda. Umpe Atosa mukononi. Kama haiko mukono yake, urudi nayo."

Nilipanda kamiyo, bateri imefungwa ndani ya kitenge, kati ya miguu yangu, Musafiri pembeni. Njiani, Kalunguta, wanawake walipakia mihogo mpaka nikashindwa kuona njia. Kwenye barrière moja, kizuizi cha njiani, kabla ya Beni askari kijana alinyoosha bunduki kwenye kitenge, akauliza kwa Kilingala ni kitu gani kile.

"Mama, eloko nini wana?"

"Bateri, chef. Ya kanisa."

"Kanisa inafanyaka nini na bateri?"

"Inawasha taa ya kukuombea weye."

Wenzake wakacheka, naye akaona haya, tukapita. Ninyi vijana msijaribu jibu lile. Lilifaa kwa uso wa mjane wa wakati ule.

Tulifika kijijini saa za asubuhi ya kesho yake. Nilidhani nitamkuta Paluku amejaa kiburi. Nilimkuta amekaa kizingitini, macho mekundu. Binti yake Masika alikuwa ameolewa Kirumba. Habari zilikuwa zimefika kwa wapita njia kwamba kulikuwa na mapigano upande ule, na hakuna aliyejua Masika na mtoto wake wako wapi. Phonie ilikuwa nyuma yake, mezani, imefunikwa kitambaa cha kusuka na ua la plastiki juu. Imekufa.

Alipoona kitenge changu akasimama.

"Mama, ni bateri? Mungu amekuleta. Leta."

"Nimetumwa nimpe Atosa."

"Atosa ni Mumbuti wangu. Ukinipa miye, umemupa yeye."

"Papa, nimetumwa nimpe mkononi."

"Mutoto wangu, mama! Mutoto wangu iko Kirumba!"

Niseme ukweli, moyo uliniuma. Kufunga waya mbili kwenye bateri nilijua, na phonie ilikuwa hatua chache kutoka niliposimama. Lakini nilijua pia kwamba nikifunga pale, phonie itakaa chini ya ua lile la plastiki mpaka sisi wote tufe, na mlango wa atelier utafungwa kwa kila mtoto wa msitu ambaye bado hajazaliwa. Nikakaa juu ya bateri. Nikasema: "Atosa haiko mbali. Umwite, haraka. Mimi nangoja hapa, sitasogea."

Akatuma watu wawili. Walirudi, wakasema hawakuona mtu, moto baridi tu. Bambuti wasipotaka kuonekana, utapita katikati yao ukidhani ni miti. Paluku akamgeukia Musafiri.

"Weye unajua kwenye bako. Enda umwite."

Musafiri hakucheka siku ile. "Papa, kama ni miye ninaenda, atauliza nani ananituma. Ni heri aone mutu mwenyewe."

Paluku alinitazama, akaitazama phonie, akavaa buti. Waliondoka pamoja, mtu mkubwa nyuma, Musafiri mbele. Mke wa Paluku aliniletea bukari, ugali wetu, na sombe. Sikuondoka juu ya bateri, nilikula hapohapo. Akaniuliza: "Mama, na weye unazaa?" Nikasema nimezaa. Akasema: "Basi unajua." Nikasema najua. Akachukua sahani.

Walirudi mchana, jua limeanza kulegea. Atosa alikuwa mbele. Paluku alitoka nyuma yake, suruali imelowa mpaka magotini, kofia hana. Baadaye Musafiri alinieleza yaliyotokea kule. Waliwakuta watu wa kambi wanagawa nyama. Bambuti wakigawa nyama hakuna mtu wa kuongea mambo mengine, na hakuna mtu anayesimama pale bila kupewa. Wakampa Paluku fungu lake kwenye jani, sawa na la kila mtu, halikuwa kubwa, halikuwa dogo. Ilimbidi akae chini, ale, amalize, ndipo afungue mdomo. Naye, ambaye maisha yake yote yeye njo aliwagawia, alikula cha kugawiwa. Kisha akasema kuhusu Masika. Atosa aliuliza swali moja tu: "Iko muzima?" Akajibu: "Sijui." Atosa akanawa mikono kwenye kijito, akasimama.

Sebuleni aliondoa ua na kitambaa, akavikunja, akampa mke wa Paluku. Akafungua sanduku nyuma. Akatoa kitu kwa vidole: karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi, kile kipande kidogo kinachokatika ili kuokoa mashine umeme ukizidi, kilikuwa kimeungua, mtu akaweka karatasi mahali pake.

"Papa, ile karatasi ingeunguza masini. Na nyumba."

Atosa akaweka kipande kizuri ambacho Papa Amisi alikuwa ametufungia pamoja na bateri. Hapo nikasimama, nikampa bateri mkononi, kama nilivyotumwa. Akafunga waya mwekundu, akafunga mweusi, akagusa, akasikiliza. Sanduku likaanza kuvuma. Watu wa kijiji walijaa mlangoni.

"Butembo, Butembo, hapa Msitu."

Kelele. Akaachia, akangoja, akarudia.

"Msitu! Hapa Butembo!" Ilikuwa Papa Amisi, na mgongo wake mbovu. "Atosa, ni weye?"

"Ni miye. Tunatafuta Masika, binti ya Papa Paluku, Kirumba."

Mtu wa Kirumba hakungoja aitwe, alikuwa anasikiliza kama wengine wote. "Msitu, hapa Kirumba. Nimetuma mutu kwake. Mubaki hapo."

Tulibaki. Nimefanya kazi kwenye phonie miaka mingi, na siku zote kulikuwa na mtu wa kuingilia, wa kuuliza bei, wa kusalimia shemeji. Siku ile frekansi nzima ilinyamaza, Kayna, Butembo, Beni, wote. Kisha sauti ya mwanamke, ina vumbi na pumzi ya kukimbia.

"Papa? Papa, tuko bazima. Tulilala kwa masista. Mutoto anakohoa tu."

Paluku aliishika mikro kwa mikono miwili akaanza kulia na kusema pamoja, na hakuna aliyemsikia, kwa sababu hakubonyeza. Atosa aliweka kidole chake juu ya kidole cha Paluku, akakibonyeza.

"Sema sasa, Papa."

Sitaandika aliyosema. Nchi nzima iliyasikia, inatosha.

Baada ya pale watu walianza kuimba na kupeana mikono, na nilimwona Atosa anafungua waya. Mweusi, mwekundu. Kelele zikapungua. Akakunja waya wa mikro, akafunga sanduku ndani ya wavu wa kuwindia, akauvika begani. Musafiri akabeba bateri. Paluku alikuwa anafuta uso kwa kile kitambaa cha kusuka.

"Unaipeleka wapi?" akauliza.

"Kambini."

Mzee mmoja wa kijiji akaanza kukohoa, kile kikohozi cha mtu anayetaka kukumbusha desturi. Atosa hakumtazama. Alikuwa amekwisha kutoka mlangoni, anatazama pano ya jua iliyofungwa juu ya bati, pana, ya kioo, mzigo wa mtu wa tatu.

Paluku akatoka nje. Akaweka ngazi, akapanda mwenyewe na tumbo lake, bati linalia, akaifungua pano akashuka nayo. Akaiweka kichwani. Yule mzee hakuvumilia.

"Paluku! Leo umekuwa Mumbuti wa Bambuti?"

Kijiji kikalipuka kwa kicheko. Paluku aligeuka polepole, kwa sababu ya kioo.

"Eh, nimekula nyama yao," akasema. "Nani atabeba, weye na goti lako?"

Tukaingia msituni, Atosa mbele, mimi katikati, Paluku anahema nyuma. Miguu yangu haikuzoea mizizi ile. Mara mbili Atosa alisimama kuningoja bila kuonyesha kwamba ananingoja. Kwenye kichaka cha miiba alisema bila kugeuka: "Papa, geuza kioo chini." Paluku akageuza.

Kambi ilikuwa vibanda vya majani kuzunguka moto, watoto wakanizunguka, wakagusa aproni yangu. Musafiri alifunga waya wa antena kiunoni akapanda mti, mti wa kwenda kutafuta asali, mrefu kuliko mnara wa kanisa letu. Tulimpoteza machoni, tukabaki kusikia kicheko chake tu. Pano iliwekwa palipoanguka mti mkubwa, jua linapofika chini. Vijana wa kambi walikuwa wamekwisha kukaa mbele ya sanduku, mabega yanagusana, na Atosa alikuwa anamwonyesha msichana mmoja waya upi uko wa kwanza. Akampa msichana yule abonyeze.

"Butembo," msichana akasema, sauti ndogo. Akamtazama Atosa. "Butembo, hapa Msitu."

Papa Amisi aliingia wazi kama mtu aliyekaa pale pale kando ya moto. "Nani huyo? Haiko Atosa. Na mbona munasikilika karibu hivi, muko wapi?"

Msichana akabonyeza tena. "Tuko kwetu," akasema.

Kisha Papa Amisi akasema: "Mama Kavira, unanisikia? Usirudi mikono mitupu. Kamiyo ikipita, kuja na huyo, atelier inamungoja."